Mifuko Tuliyompa Mlinzi wa Makaburi

Tulimwita Mlinzi. Hata watoto wetu waliozaliwa hapa, ambao Kiswahili wanakisikia lakini wanakujibu kwa Kiingereza, walimwita hivyo hivyo. Jina lake nalijua vizuri. Silitaji kwa sababu siku nilipotakiwa kusimama upande wake mbele za watu nilimkana, na sasa naona haya kulichukua jina la mtu nikapambia maneno yangu.

Alilinda makaburi ya Wayahudi upande wa mashariki ya London, nyuma ya ukuta mrefu wa matofali ambao mpita njia angedhani ni wa kiwanda. Makaburi ya zamani, yamejaa, hazikwi mtu tena mle. Sisi wengine tuliotoka Unguja baada ya Mapinduzi tuliangukia kwenye kufagia hospitali, kupanga mafaili, kuendesha mabasi. Yeye aliangukia huko. Kamati ya Wayahudi ilimpa ufunguo wa lango, reki, mkasi wa bustani na kibanda cha kujistiri na mvua, akakaa navyo miaka zaidi ya ishirini. Kila asubuhi akitoka mtaa wetu wa Peckham, akibadilisha basi mara mbili mpaka ng'ambo ya mto, na kila jioni akirudi kwenye jengo letu la kaunsili, halmashauri ya mtaa. Yeye ghorofa ya nne, mimi ya pili.

Alikuwa mtu mrefu, mkavu, kofia ya viua kichwani jua na mvua. Huku hakuwa na mke wala mtoto. Kitu kilichomtisha duniani kilikuwa kimoja tu, na hakukificha: kuachwa na watu.

"Mimi naona kila siku mtu anavyosahauliwa," aliniambia mara moja kwenye ngazi, lifti ikiwa imeharibika kama kawaida yake. "Mwanzo wanakuja kila mwezi. Halafu mara moja kwa mwaka. Halafu inakuja barua kutoka Amerika, mjukuu anauliza kama babu yake yuko. Yuko, nakwambia. Atakwenda wapi?"

"Wewe huwezi kusahauliwa, Ami," nikamwambia. "Si una sisi?"

Akanitazama kama anayetaka kuniamini, akaendelea kupanda.

Lakini usidhani alikuwa mpole. Walio hai aliwachoka upesi. Ukimsimamisha kumweleza habari za mumeo, na mimi nilikuwa nazo nyingi wakati ule, ataangalia saa. Ukimwomba abebe mfuko wako wa viazi atakuuliza kwa nini umenunua vingi. Nyumbani kwake kulikuwa vurugu tupu, magazeti mpaka juu ya kitanda, sufuria zimelowekwa tangu juzi, na mtu huyo huyo alikuwa haondoki kazini mpaka njia zote zimefagiwa na reki imerudi kwenye msumari wake. Nilimwambia kama angekuwa maiti angeishi mahali pasafi zaidi. Alicheka siku hiyo, jambo ambalo halikutokea mara nyingi.

Tena alikuwa mwoga. Mlinzi wa makaburi, anaogopa makaburi. Akifika langoni husoma Ayatul Kursiyyu ndipo aingize ufunguo, na jua likianza kuinama, hata kama kamati imemwachia kazi ya lazima, anafunga anaondoka. Majira ya baridi, jua linapozama mapema, alikuwa kituo cha basi kabla ya saa kumi. Wayahudi walimzoea. Mzee mmoja wa kamati, aliyekuwa akija na fimbo yake kila Jumapili kukagua, alimwambia kwamba hata yeye asingekaa mle gizani kwa mshahara wowote.

Nilikwenda kumtembelea kule makaburini mara mbili tu kwa miaka yote hiyo. Mara ya kwanza nilimpelekea chapati na mchuzi, nikafikiri nitamfurahisha. Akazipokea, akanitoa nje ya lango, akala amesimama kando ya barabara, magari yanatupitia. Mle ndani ilikuwa mwiko kula. Alipomaliza akanawa, akanirudisha ndani kunionyesha kazi yake.

Mawe mengine yalisimama, mengine yalilala chini mapana kama vitanda, na mengi yalikuwa yameliwa na mmea ule wa kutambaa ambao Waingereza huuita aivi. Nikaona tawi limeziba uso wa jiwe. Mimi mtu wa kufagia, mkono haukai, nikalishika nilivute.

"Usivute!" Sauti yake ilinishtua. "Ukivuta utatoka na ngozi ya jiwe na jina juu yake. Kata chini, kwenye shina. Halafu ngoja."

"Ningoje mpaka lini?"

"Mpaka ufe wenyewe. Miezi sita, mwaka. Ukishakauka unaachia bila ugomvi."

Kwa mtu asiye na subira na binadamu, subira ile ilinishangaza. Mawe aliyaosha kwa maji matupu na brashi laini, polepole, kama anayemwogesha mtoto wa siku saba. Fundi mmoja wa kuazima aliwahi kumwagia jiwe dawa ya chooni ili ling'ae, na Mlinzi hakusema na mtu siku mbili, hata mimi ambaye sikuhusika.

Alijifunza kusoma herufi zao. Lugha hakuijua, lakini maandishi yanatoka kulia kwenda kushoto kama Kiarabu chetu cha msahafu, na yeye chuo cha Kurani alikuwa mtu wa kwanza kuhitimu. Akachukua daftari la kamati lenye majina kwa Kiingereza, akalinganisha na mawe, jiwe baada ya jiwe, mpaka akaweza kukutafutia mtu ambaye jina lake limebakia nusu. Wageni waliotoka mbali wakiiona kofia yake walidhani ni Myahudi wa upande fulani wa mashariki wasioujua. Mmoja alimwomba amsomee dua. Akamwambia, "Mimi Mwislamu, bwana, dua yenu siijui. Lakini nitakushikia kitabu usome mwenyewe." Akamshikia mpaka mwisho, upepo unapindua kurasa, yeye anazibana kwa kidole.

Mwanzoni alikosea sana. Wiki yake ya kwanza aliona vijiwe vidogo vidogo vimewekwa juu ya makaburi, akadhani ni mchezo wa watoto. Akavikusanya vyote kwenye ndoo, akafukia dimbwi lililokuwa langoni. Siku ya pili akaja bibi mmoja, akaona kaburi la dada yake halina hata kimoja, akaanza kulia. Kumbe kwao anayezuru huacha kijiwe, ndiyo alama kwamba mtu alikuja. Mlinzi akavichimbua kwenye tope, akaviosha kimoja kimoja, lakini kipi cha nani? Alinihadithia mwenyewe, na bado alikuwa akiona haya. "Nikaanza na wale wasiojiwa na mtu," akasema. "Wakapata wageni siku hiyo."

Kulikuwa na bwana mwingine, mtu mzima, aliyekuwa haingii ndani abadani. Ni wa ukoo wa makuhani wao, na watu wa ukoo ule hawaruhusiwi kukaribia makaburi. Mama yake amelazwa mle tangu yeye mdogo. Kila mwaka huja na teksi, anasimama nje ya lango, na Mlinzi anakwenda kumtazamia mama, anarudi kumweleza jiwe likoje. Mwaka mmoja alikuta jiwe limeanguka. Akarudi langoni akasema limesimama, zuri, halina neno. Halafu kwa fedheha ya uongo ule akakesha na mawazo, na asubuhi akawasumbua kamati mpaka likaletwa gari na watu wa kulisimamisha. Alisema ule ndio uongo pekee aliowahi kumwambia Myahudi.

Sasa nifike kwenye mifuko.

Wenzangu wa kizazi changu watakumbuka shida ile. Kwetu msahafu ukichakaa, au juzuu ikachanika, unaufukia mahali pasafi, uwani mwa msikiti, ukaupumzisha. Kule Peckham sisi tulikaa hewani, ghorofani. Ardhi yenyewe ya kaunsili, mbwa wanaipitia. Takataka za jengo zima zilishuka kwenye bomba moja mpaka kwenye mapipa, na nani angetia maneno ya Mungu mle? Basi kila nyumba ilikuwa na mfuko wake juu ya kabati: misahafu isiyo na mwanzo, juzuu za watoto, makaratasi yenye Bismillahi. Mama yangu alipofariki aliniachia mifuko mitatu. Nilikuwa nikilala chini yake nahisi mama ananitazama.

Siku moja Mlinzi akarudi kazini amebadilika uso. Alikuwa ameona gari la kamati likileta masanduku ya vitabu vyao vya dini vilivyochakaa, na yule mzee wa fimbo na wenzake wakavishusha shimoni kwa mikono miwili, taratibu, kama wanavyomshusha mtu.

"Kama sisi," akaniambia, amesimama mlangoni kwangu, hata kuketi amesahau. "Hasa kama sisi. Nikamuuliza yule mzee, sisi wenzenu tuna karatasi kama hizo na hatuna ardhi, tufanyeje? Akaniambia, karatasi yenye jina la Mungu haitupwi. Chimba pale penye bomba la maji, pale hajalala mtu. Uchimbe kwenda chini sana."

"Ndani ya makaburi ya Wayahudi, Ami?"

"Ndani ya ukuta wao. Kwenye pembe, peke yake. Pasafi kuliko popote ninapopajua London. Unasemaje?"

Nikasema naam. Nilisema naam, nimesimama kwenye kizingiti changu, akili zangu zote ninazo. Nikamteremshia mifuko ya mama. Halafu nikapita mlango hadi mlango kwa wanawake wa kwetu, nikawaambia Mlinzi ana mahali pasafi, nikakusanya mingine. Mahali gani, hawakuniuliza, nami sikusema. Akaibeba yote kwenye basi, miwili miwili, wiki tatu mfululizo. Mara yangu ya pili kwenda kule ilikuwa kuona alipofukia. Hapakuwa na alama, udongo umesawazishwa tu. Nikasoma Fatiha, na kwa mara ya kwanza tangu mama afe nilipata usingizi.

Nini kiliharibu? Dereva mmoja wa kwetu alipeleka gari la kokoto pale, akamkuta Mlinzi shimoni na mfuko wa mwisho, akaona kilichomo. Mwaka ule vita vya Mashariki ya Kati vilikuwa kwenye televisheni kila ukiiwasha, na watu walikuwa na hasira zao. Habari ilizunguka Peckham mpaka Hayes, mwisho wa London: Mlinzi amechukua misahafu ya Waislamu amewapelekea Mayahudi.

Jumamosi ile kulikuwa na hitma kwenye ukumbi wa jengo. Wanaume upande mmoja, sisi upande mwingine, pazia katikati. Baada ya dua mwenyekiti wa chama chetu cha watu wa Unguja akamsimamisha Mlinzi. Akamuuliza kama ni kweli. Akasema kweli, lakini pamechimbwa mbali na makaburi, na wenyewe waliheshimu. Akaambiwa akafukue.

"Nimeshazika," akasema. "Sifukui."

Akaulizwa nani aliyempa. Hapo hakutaja jina hata moja. Nyuma ya pazia tulikuwa wanawake kumi na tisa, na nakuapia zaidi ya nusu mifuko yao ilikuwa mle. Kila mtu alikuwa akiangalia zulia. Mwenyekiti akaita, "Mama wa ghorofa ya pili. Watu wamekuona ukikusanya. Ulijua anaipeleka wapi?"

Wanangu walikuwa wadogo, mume wangu alikuwa ameshaondoka, na watu wale ndio waliokuwa wakinishikia watoto nikienda zamu. Haya yote ni kweli, na hayanisaidii kitu.

"Sikujua," nikasema.

Pazia lilikuwa jembamba. Nilikiona kivuli chake kimegeuka upande wangu. Angeweza kusema neno moja tu. Hakulisema. Akavaa viatu akatoka, na sinia ya pilau ikapita mahali alipokuwa ameketi.

Hakuna aliyetangaza kwamba amesuswa. Sisi hatutangazi. Simu hazikupigwa tena kwake kukiwa na arusi au matanga. Siku ya Idi hakubishiwa hodi. Kwenye lifti watu walikumbuka ghafla kitu walichosahau nyumbani. Mimi nilianza kupanda ngazi kwa upande wa nyuma. Nikimsikia akikohoa juu, nasubiri mpaka mlango wake ufungwe. Baadaye kaunsili ikanihamishia Thornton Heath, na, niseme kweli, nilifurahi.

Ikapita miaka kumi na moja. Wanangu wakakua, mwenyekiti akafa, vita vingine vikaingia kwenye televisheni. Nilisikia Mlinzi amestaafu, kamati imemfanyia sherehe ndogo, na miguu haimchukui tena. Nikiwa jikoni kwenye arusi moja, tunakata vitunguu, wanawake wengi ni wale wale wa Peckham, mmoja akasema maskini yule mzee aliyetuibia misahafu. Kisu kikanisimama mkononi.

"Hakuiba," nikasema. "Nilimpa mimi, na nilijua anaipeleka wapi. Aliniuliza kwanza, nikamkubalia. Siku ile nilisema uongo."

Nilingoja wanirukie. Yule aliyekuwa karibu nami akafuta machozi ya vitunguu kwa kanga, akasema, "Sote tulijua, bibi. Mtu kazi yake ni hiyo moja, angeipeleka wapi pengine? Endelea kukata, wali hauna mchuzi."

Nikawaambia basi twendeni tukamwone. Jumapili, saa nane. Wakasema inshallah, na mmoja akasema ataoka keki. Niliwahesabu, tulikuwa saba. Usiku nikampigia simu.

"Jumapili tunakuja kukuangalia, Ami."

"Nyinyi nani?"

"Sisi. Kama watu saba."

"Karibuni," akasema.

Jumapili nikashuka basi, nikasimama kituoni kuwangoja. Ikapita nusu saa. Mmoja alinipigia kwamba mjukuu ana homa. Wengine hawakupiga. Nikapanda peke yangu mpaka ghorofa ya nne.

Akafungua amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Alikuwa amepungua, bega limeinama, lakini kofia ni ile ile. Akaangalia nyuma yangu, kwenye ukumbi wa lifti.

"Wenzio wanapanda?"

"Sijui walipo, Ami."

Akasogea nipite. Chumba kilikuwa safi, magazeti hayapo, sakafu inanukia sabuni. Kulikuwa na viti saba vimepangwa duara, vitatu vyake, vinne nilivijua havikuwa vyake kwa sababu vilikuwa vipya. Juu ya meza sinia, vikombe saba, biskuti zimepangwa kama anayengoja ukaguzi. Nilitamani nirudi chini, nikawaburure wale wanawake mmoja mmoja kwa nywele.

Nikaketi. Nikamwambia kabla hajamimina chai, kwa sababu nilijijua ningesubiri ingepoa na maneno yangepoa nayo. "Ami, siku ile nilijua. Nimewaambia wenzangu. Wakasema na wao walijua, wote."

"Najua walijua," akasema. "Mtu anampa mfuko mlinzi wa makaburi, anadhani unakwenda posta?"

"Na hukusema."

"Nilikuwa nangoja mmoja wenu aseme. Mmoja tu angetosha. Nilifikiri itachukua wiki."

"Nimechelewa, Ami. Nisamehe."

"Nimekusamehe zamani, mwanangu. Lakini umechelewa, ndiyo." Hakunipunguzia, na nilimshukuru kwa hilo. "Idi zote hizi, mtu anavaa, anakaa, anasikiliza lifti."

Tukanywa chai. Akaniuliza wanangu wanafanya kazi gani, nikamwambia, na safari hii hakuangalia saa. Kila lifti ilipofunguka nje aligeuza kichwa, nami nikajifanya sioni. Ilipoadhini ile saa yake ya ukutani alasiri, akainuka kwa shida, akashika kiti kimoja.

"Nisaidie nivirudishe hivi," akasema. "Ni vya jirani."

Jirani yake, mama mmoja wa Kinaijeria, akafungua mlango anatabasamu. Nikasimama nyuma ya Mlinzi na viti viwili mikononi. Yule mama akamuuliza kama wageni wamefika, kama viti vilitosha.

"Walikuja wote," Mlinzi akamjibu. "Hata hivi havikutosha, wengine walisimama."